Embe Lina Faida, Lakini Umelila na Nini?

Msimu wa maembe ukianza kuna vitu viwili havikosi. Cha kwanza ni mikokoteni ya dodo na bolibo kila kona. Cha pili ni ule ujumbe wa WhatsApp: "Faida 20 za kula embe". Kama hujaupata bado, subiri, shangazi yako atakutumia. Embe linatibu macho, linazuia saratani, linayeyusha mafuta ya tumbo, linashusha presha, linasafisha damu, linaongeza nguvu za kiume. Ukimaliza kuusoma unabaki kujiuliza hospitali zilijengwa za nini.

Sitaki kuubeza ujumbe wote, maana ndani yake mna mambo ya kweli. Tatizo langu nao ni jingine: unalizungumzia embe kana kwamba linaingia kwenye tumbo tupu na kufanya kazi zake peke yake. Mwili haufanyi hivyo. Watoto wawili wanaweza kugawana embe moja la mti mmoja, mmoja akapata faida kubwa na mwenzake akapata robo yake, na tofauti ikawa ni kile walichokula nusu saa kabla. Hilo ndilo nataka tulitazame leo.

Tuanze na kilichomo ndani. Ukichukua gramu 100 za nyama ya embe bivu, bila ganda wala kokwa, karibu gramu 83 ni maji. Sukari ni kama gramu 14. Nyuzinyuzi ni gramu moja na nusu hivi. Nguvu inayopatikana ni kalori 60 tu. Halafu kuna vitamini C kama miligramu 36, na kuna kile kinacholipa embe rangi yake ya manjano iliyokolea: beta-karotini, wastani wa mikrogramu 640. Takwimu hizi zinabadilika kulingana na aina ya embe na lilivyoiva, lakini zinatosha kutupa picha.

Beta-karotini yenyewe siyo vitamini A. Ni malighafi. Mwili unaichukua, unaikata, na kupata vitamini A. Biashara hii haina faida kubwa: kwa hesabu inayotumika sasa, inahitajika mikrogramu 12 za beta-karotini ya kwenye chakula ili kupata mikrogramu moja ya vitamini A. Kwa hiyo zile 640 zinashuka hadi kama 54. Kiwango kinachopendekezwa Marekani kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3 ni mikrogramu 300 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: mtoto akila gramu 200 za embe, amepata kama theluthi moja.

Nakubali, siyo ile sifa uliyoizoea. Karoti mbichi ina zaidi ya mara 15 ya hapo, na viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, navyo viko mbali sana mbele. Lakini hebu niambie, ni mtoto gani umewahi kumwona akipanda mti kufuata karoti? Embe lina nguvu nyingine ambayo haiandikwi kwenye majedwali ya lishe: watoto wanalipenda, linapatikana kwa wingi kwa miezi kadhaa mfululizo, na mara nyingi vijijini halinunuliwi.

Na vitamini A siyo jambo la mzaha. Kwenye retina, lile tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, vitamini A inaungana na protini na kutengeneza rodopsini, kemikali inayonasa mwanga hafifu. Vitamini A ikipungua, dalili ya mwanzo huwa ni mtoto kuanza kujikwaa jua likizama. Anatafuta kikombe kilicho mbele yake na hakioni. Ikiendelea, jicho linakauka, linapata vidonda, na upofu unaofuata haurudi nyuma. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba watoto kati ya 250,000 na 500,000 hupofuka kila mwaka kwa upungufu huu, na nusu yao hufariki ndani ya miezi 12 baada ya kupoteza uwezo wa kuona. Wanafariki kwa sababu vitamini hiyo hiyo ndiyo inayolinda ngozi laini ya ndani ya utumbo na njia ya hewa, na kusaidia kinga ya mwili. Mtoto asiyekuwa nayo akipata surua au kuhara, anaumia kuliko wenzake. Ndiyo maana Tanzania huwa na kampeni ya matone ya vitamini A kila Juni na Desemba kwa watoto wa miezi 6 hadi 59.

Karotini na maji hawaivi

Siku ukipika mchuzi wenye karoti, tazama sufuria kabla hujakoroga. Yale mafuta yanayoelea juu ndiyo yamegeuka rangi ya chungwa. Maji ya chini hayajabadilika sana. Umeshafanya jaribio la kemia bila kujua: karotini inayeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki kwenye maji.

Sasa fikiria safari yake tumboni. Embe limetafunwa, limefika kwenye utumbo mwembamba, na utumbo umejaa majimaji. Karotini ikibaki hivyo hivyo itasukumwa mbele, itoke upande wa pili, na kazi yote ya kupanda mti imekuwa bure. Ili iingie mwilini inahitaji usafiri, na usafiri wake ni mafuta. Mafuta yakifika kwenye utumbo, nyongo inamwagwa, inayavunja kuwa matone madogo mno, karotini inapanda ndani ya matone hayo, na ndipo ukuta wa utumbo unaipokea. Bila mafuta nyongo haimwagwi ya kutosha, na usafiri unakuwa haba.

Embe lina kijifaida kidogo hapa dhidi ya karoti. Kwenye karoti, karotini nyingi imekaa kama fuwele ngumu ndani ya seli. Kwenye embe bivu imehifadhiwa ndani ya vitone vidogo vya mafuta ya tunda lenyewe, kwa hiyo inaachia kwa urahisi zaidi. Ila vitone hivyo ni vidogo sana. Embe zima lina mafuta chini ya nusu gramu kwa kila gramu 100. Haitoshi.

Jaribio zuri ninalolijua juu ya jambo hili lilifanyika Gambia, Afrika Magharibi, nchi ambayo nayo ina maembe mengi kwa msimu na shida ya vitamini A. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002. Watafiti waliwachukua watoto 176 wa miaka 2 hadi 7 wakawagawa kwa bahati nasibu katika makundi manne. Kundi moja lilipewa maembe makavu siku 5 kwa wiki, kwa miezi 4. La pili lilipewa maembe hayo hayo pamoja na gramu 5 za mafuta. La tatu lilipewa vidonge vya vitamini A, na la nne vidonge bandia visivyo na kitu.

Miezi 4 ikapita. Makundi yote mawili ya maembe yalikuwa na beta-karotini nyingi zaidi kwenye damu kuliko kundi la vidonge bandia. Hilo lilitarajiwa. Lakini kwenye vitamini A yenyewe, kundi lililojitenga wazi na lile la vidonge bandia, likasimama upande mmoja na kundi la vidonge halisi, ni lile lililokula embe na mafuta. Gramu 5 ni kijiko kimoja cha chai. Kijiko kimoja tu.

Hapo ndipo nikawakumbuka bibi zetu wa pwani. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, halafu embe baadaye. Tui la nazi tayari limeshaita nyongo kazini, na embe linakuta magari yanasubiri kituoni. Wa bara wana karanga, wana maziwa, wana parachichi, wana mboga iliyoungwa kwa karanga. Vyote vinafanya kazi hiyo. Kinachokosekana mara nyingi ni mpangilio. Mtoto anashinda juu ya mwembe kuanzia asubuhi, anakula maembe matano kwa tumbo tupu, mchana hataki chakula kwa sababu ameshiba maji na sukari. Sisemi umkataze mwembe, huwezi. Mpe karanga mkononi kabla hajapanda, au mwekee mengine ayale baada ya chakula cha mchana.

Kuna habari nyingine njema. Vitamini A inahifadhiwa kwenye ini, na mtu mwenye akiba nzuri anaweza kuitumia kwa miezi. Kwa hiyo msimu wa embe ukitumika vizuri, mtoto anaingia kiangazi akiwa na akiba. Na huwezi kumzidishia kwa maembe. Mwili ukiwa na vitamini A ya kutosha unapunguza wenyewe ukataji wa karotini. Akila kupita kiasi kwa muda mrefu, anaweza kugeuka manjano viganjani, na ikaisha akipunguza. Ila weupe wa macho ukiwa manjano, hiyo siyo embe, mpeleke hospitali.

Lile bichi la chumvi na pilipili

Embe bichi ni tunda jingine kabisa. Karotini bado ni kidogo, na badala ya sukari lina wanga na asidi nyingi. Ila vitamini C yake kwa kawaida ni kubwa kuliko ya bivu. Wanafunzi wanaolila na chumvi na pilipili nje ya geti la shule hawajakosea sana, chumvi tu ndiyo wangeipunguza.

Faida kubwa ya vitamini C kwenye sahani zetu haizungumzwi vya kutosha, nayo ni madini ya chuma. Chuma cha kwenye maharage, mchicha na unga wa mahindi kinanyonywa kwa shida, kwa sababu ndani ya vyakula hivyo hivyo mna kemikali zinazokishika kisiachie. Vitamini C ikiwepo kwenye mlo huo huo inakibadilisha chuma kikawa katika hali ambayo utumbo unaipokea kirahisi. Narudia: mlo huo huo. Kachumbari ya embe bichi juu ya ugali na maharage ina maana kubwa kuliko embe lililoliwa saa nne baadaye, hasa kwa wasichana na kina mama wajawazito, ambao upungufu wa damu unawaandama. Na chai ya rangi isogeze mbali na chakula, maana yenyewe inavuta upande wa pili.

Tabia hii ya embe bichi mezani ni ya kale kwetu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alilishwa wali uliopikwa kwa samli, na pembeni akawekewa achari, ikiwemo ya maembe mabichi. Akaeleza kwamba likiiva huwa tamu sana na kuliwa kama tunda. Jina aliloliandika ni "anba". Huhitaji mkalimani.

Kati ya bichi na bivu kuna biashara inayonitia hasira kidogo. Embe linapoiva lenyewe linatoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo ndiyo inayoamrisha wanga kugeuka sukari, nyama kulainika na karotini kutengenezwa. Bibi zetu walivumbika maembe, yaani waliyafukia kwenye nafaka au kuyafunika gesi isitoroke. Leo wapo wanaotumia kabaidi, lile jiwe la mafundi wa kuchomelea vyuma. Likikutana na unyevu linatoa asetilini, ambayo inaiigiza ethilini na kulipaka embe rangi haraka. Kabaidi ya viwandani huja na mabaki ya aseniki na fosforasi, na India, nchi inayolima maembe mengi kuliko zote, imepiga marufuku kuivishia matunda. Embe lililong'aa manjano kote halafu halinukii embe, na ndani ni gumu na chachu, mimi naliacha. Nyumbani lifunge kwenye gazeti pamoja na ndizi mbivu moja, subiri siku mbili tatu.

Mama mdogo na chupa ya majani

Msimu uliopita nilienda kumsalimia mama mdogo, ambaye ana kisukari aina ya pili. Nikamkatia embe. Akalisukuma sahani.

"Mwanangu, mimi hilo ni sumu. Mimi nakunywa majani yake."

Alikuwa na chupa ya chai imejaa maji ya majani ya mwembe yaliyochemshwa. Nikamuuliza vidonge. Akasema ameviacha wiki tatu sasa, kwa kuwa vinachosha figo na haya majani ni ya asili.

Hapo makosa mawili yalikuwa yamekaa meza moja. Tuanze na dogo. Embe siyo sumu kwa mwenye kisukari. Wataalamu wana kipimo cha kulinganisha kasi ya chakula kupandisha sukari ya damu, ambapo glukosi tupu ni 100. Embe linakaa karibu na 51, yaani siyo la kasi kubwa. Kinachoponza ni kiasi. Gramu 100 za embe, vipande vya kujaza kama nusu kikombe, zina wanga na sukari jumla ya gramu 15, sawa na slesi moja ya mkate. Dodo kubwa likiwa na nyama gramu 300, limebeba sukari kama gramu 41, vijiko 10 vya chai. Na juisi ni habari nyingine: maembe matatu yanaisha kwa mkupuo mmoja, nyuzinyuzi zimechujwa, na mara nyingi mtu kaongeza sukari juu. Sasa fikiria mgonjwa anayekataa vipande vitano vya embe kwa hofu, halafu anamaliza mlima wa ugali ambao wanga wake unapita hapo mara kadhaa. Vipande vyake avihesabu ndani ya mlo, apunguze ugali kidogo, avile baada ya mboga na maharage ili sukari iingie taratibu.

Kosa kubwa ni ile chupa. Majani, magome na maganda ya mwembe yana kemikali iitwayo mangiferini, na ni kweli kwamba imeshusha sukari kwa panya wa maabara. Lakini panya wale walipewa dozi iliyopimwa. Kwenye chupa ya mama mdogo hakuna anayejua mna kiasi gani, na kesho majani yakiwa machanga zaidi kiasi kinabadilika. Zaidi ya hapo, kinachochosha figo za mgonjwa wa kisukari ni sukari yenyewe ikikaa juu muda mrefu. Ukiacha dawa ili kuziokoa figo, unaziweka kwenye hatari ile ile uliyoikimbia. Anayetaka kubadilisha vidonge aende kwa daktari apimwe figo, wabadilishe pamoja.

Na kwa kuwa tumegusa tafiti, ngoja nikuibie siri ya maabara. Ukiona utafiti unaosifia embe, angalia nani ameulipia. Kuna mmoja wa mwaka 2018 kutoka Texas: watu 36 wenye shida ya kupata choo walikula gramu 300 za embe kila siku kwa wiki 4, au kiasi sawa cha nyuzinyuzi za unga, na wa embe walipata nafuu zaidi. Mimi sioni sababu ya kuukataa. Lakini bodi ya wafanyabiashara wa maembe ya Marekani ilikuwa nyuma yake, na watu 36 ni wachache. Kwa choo, sawa, jaribu, embe halitakuumiza. Kwa saratani, tulichonacho zaidi ni seli kwenye visahani vya maabara, na kutoka hapo hadi kwa mgonjwa ni mbali mno.

Tahadhari moja ya mwisho, kwa sababu kuna watu wanaichukulia kama uchawi. Mwembe ni ndugu wa mkorosho, na utomvu wake una kemikali inayofanana na ile ya ganda la korosho. Ukipata vipele au midomo kuvimba baada ya kung'ata embe na ganda lake, ni mzio. Osha embe, kata kikonyo, menya, na kwa wengi tatizo linaisha. Koo likianza kubana, usisubiri, wahi hospitali.

Mama mdogo alirudi kliniki wiki ile ile, siyo kwa sababu ya maelezo yangu ya mangiferini, ila kipima sukari cha jirani kilimwonyesha namba iliyomnyamazisha. Vidonge ameanza tena. Mchana akishakula anakata vipande vyake vitano, na kokwa anampa mjukuu wake wa miaka mitatu alifyonze, sahani ya wali wa nazi ikiwa bado mbele yake.